Setilaiti iliwapa wapenzi wa panki idhaa, muungano ukawapokonya

KWA Wakenya wengi, neno panki humaanisha nywele zilizoachwa wima katikati ya kichwa, kazi ya kinyozi. Lakini mtindo huo ulienezwa na wapenzi wa muziki uliochipuka New York na London katika miaka ya 1970. Muziki wa gitaa za kasi, nyimbo fupi na maneno makali dhidi ya wakubwa.

Redio haikuupenda tangu mwanzo. Mnamo 1977, BBC ilikataa kuucheza wimbo wa kundi la Sex Pistols uliomkejeli Malkia Elizabeth II. Nchini Marekani hakukuhitajika hata marufuku, kwani wenye vituo vingi waliona hauna faida.

Sababu ni hesabu tu. Mawimbi ya FM hufika makumi machache ya kilomita, na kituo hulishwa na matangazo ya biashara. Mwenye bidhaa hutaka umati. Iwapo wapenzi wa panki mjini ni mia mbili, nani atalipa ili awafikie?

Setilaiti iliigeuza hesabu hiyo. Kampuni ya XM ilianza kutangaza mwaka wa 2001 kwa setilaiti mbili zilizoitwa Rock na Roll, zikiwa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mpinzani wake, Sirius, alifuata mwaka wa 2002. Kwa kuwa mawimbi yalifunika nchi nzima, mia mbili wa mji huu walijumlishwa na hamsini wa kijiji kile, na wote wakalipa ada ya kila mwezi. Isitoshe, sheria za Marekani kuhusu lugha chafu hewani hazikuibana redio ya kulipia. Kwa wanamuziki wa panki, hiyo haikuwa nafuu ndogo.

Hivyo ndivyo XM ilivyoweza kuwa na Fungus, idhaa ya 53, iliyocheza panki na ska bila matangazo ya biashara. Dereva aliweza kuvuka majimbo kadhaa bila kugusa kitufe.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na teknolojia hiyo. WorldSpace, kampuni iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti ya AfriStar mwaka wa 1998 kulihudumia bara hili, na ilikuwa miongoni mwa wawekezaji wa mapema wa XM. Iliomba ulinzi wa kufilisika Oktoba 2008.

Wakati huo XM na Sirius nazo zilikuwa zimelemewa. Kila moja ilikuwa imelipa zaidi ya dola milioni 80 mwaka wa 1997 kununua masafa pekee, kabla ya gharama za setilaiti na watangazaji mashuhuri. Ziliungana Julai 2008, na Novemba 12 mwaka huohuo zikaunganisha orodha za idhaa zao. Idhaa zilizofanana zilipunguzwa, na Fungus ikazimwa.

Mashabiki waliachiwa Faction ya Sirius, iliyochanganya panki na hip hop pamoja na roki nzito. Panki haikutoweka hewani, ila msikilizaji aliyelipia idhaa yake sasa alilazimika kungoja zamu. Ada, hata hivyo, haikupunguzwa kwa sababu hiyo.