Msomaji Asiyenunua: Vibonzo vya Wasichana Migori na Homa Bay

Nchini Japani, vibonzo vinavyochorwa kwa ajili ya wasichana vina jina lake, shojo, na vina soko lake: jarida la Nakayoshi lilianza mwaka 1954, likafuatwa na Ribon mwaka 1955, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ribon lilikuwa likichapishwa nakala zaidi ya milioni 2 kwa mwezi. Hadithi ikipendwa jaridani hugeuzwa kitabu, kisha anime, yaani filamu ya katuni, kisha vinyago na mikoba, kama ilivyokuwa kwa Sailor Moon ya Naoko Takeuchi, iliyoanza mwaka 1991. Mhimili wa biashara hiyo ni sarafu ya msichana mwenyewe, kwa kuwa asiponunua toleo linalofuata, mhariri hujua.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya, ambazo kila moja ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 1 katika sensa ya 2019, sarafu hiyo haionekani. Anime aghalabu hufika kwa simu, au kwa fleshi inayojazwa kwenye duka la muvi, ambako anayelipwa ni mwenye duka wala si mchoraji.

Vibonzo vya nyumbani navyo vimejengwa juu ya msomaji asiyelipa. Shujaaz, kilichoanza mwaka 2010 kwa Sheng, lugha ya vijana wa mjini, kilitolewa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, mbinu ya busara, kwani kibanda hicho hupatikana hata pasipo na duka la vitabu, tangu Isebania mpakani hadi Mbita ziwani. Kati ya mashujaa wake wanne wa mwanzo, wawili, Maria Kim na Malkia, ni wasichana. Hata hivyo gharama hubebwa na wafadhili na kampuni zinazowatafuta vijana, na anayelipa ndiye husikilizwa kwanza, iwe kuhusu mada au kuhusu lugha, ilhali nyumbani wasomaji wengi wa huku huzungumza Kijaluo au Kikuria. Super Sema, katuni ya Kenya kuhusu msichana mvumbuzi, nayo iliingia YouTube mwaka 2021 bila kiingilio.

Kuuza kitabu cha vibonzo si rahisi, hasa tangu vitabu vilipotozwa VAT ya asilimia 16 mwaka 2013. Lakini si kweli kwamba binti wa Awendo au Oyugis halipi chochote: hulipia bando, na fedha hiyo hukomea kwa kampuni ya simu.