Fahamu: Kwa nini mifupa ya baadhi ya vijana waliobadili jinsia hudhoofu mapema?

Mifupa ya mwanadamu, ambayo hujiwekea sehemu kubwa ya madini yake katika miaka ya baleghe na kufikia kilele cha uimara katika umri wa miaka ya 20, hutegemea mno homoni za uzazi, na hasa estrojeni, kwa wanaume na wanawake sawia. Kwa hiyo dawa za kusitisha baleghe, wanazopewa baadhi ya vijana waliobadili jinsia, huichelewesha akiba hiyo.

Utafiti wa matabibu wa Amsterdam uliotangazwa mwaka 2023 ulidhihirisha kwamba, baada ya vijana hao kuanza homoni za jinsia waliyoikusudia, mifupa yao kwa wastani ilirejea karibu na hali ya kabla ya tiba, isipokuwa uti wa mgongo wa waliozaliwa wakiwa wa kiume.

Lakini dawa si sababu pekee: miongoni mwa hao wa mwisho, madini aghalabu huwa haba hata kabla ya tiba, jambo ambalo wataalamu hulihusisha na uchache wa mazoezi na upungufu wa vitamini D.

Basi kijana wa namna hii asihukumiwe wala asitiwe hofu; na apimwe mifupa, apate jua, maziwa na mazoezi, wala asikatize homoni bila shauri la tabibu.