Supu ya kiporo: Sufuria isiyokauka inaweza kukausha mtaji

ALFAJIRI, kabla malori ya kuelekea Mloka hayajaanza kupita Mkongo, wilayani Rufiji, muuza supu huwa ameshabandika sufuria. Kama ilivyo katika vituo vingi vya barabarani, si wote wanaoanza na maji matupu. Wapo wanaoanza na kiporo: supu ya jana inachemshwa, yanaongezwa maji, makongoro na mifupa mipya, na biashara inaendelea. Kesho yake hivyo hivyo.

Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Lakini je, ukoko huo ni faida au ni hasara iliyojificha?

Wapo duniani waliofanikiwa kwa mtindo huu. Mjini Bangkok, Thailand, mgahawa wa Wattana Panich umejulikana kwa supu ya nyama ya ng'ombe ambayo mchuzi wake umeendelezwa kwa zaidi ya miaka 40. Kila usiku mchuzi uliobaki huhifadhiwa, sufuria husafishwa, kisha mchuzi hubaki jikoni ukitokota hadi asubuhi. Siri yao ni mambo mawili: moto hauzimwi, na wateja ni wengi.

Sasa turudi kwetu tufanye hesabu. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke zake.

Tuseme sufuria moja inatoa bakuli 50. Makongoro, mifupa na viungo ni sh 45,000, na mkaa wa kupikia ni sh 5,000. Jumla ni sh 50,000. Bakuli likiuzwa sh 1,500, sufuria ikiisha unapata sh 75,000, yaani faida ya sh 25,000.

Lakini leo umeuza bakuli 42, zimebaki nane. Wengi hujipa moyo kwamba hapo pana sh 12,000. Sivyo. Fedha hiyo ipo mfukoni mwa mteja ambaye bado hajaja. Thamani halisi ya kiporo ni mifupa na viungo utakavyookoa kesho: sh 900 mara nane, sawa na sh 7,200. Ukitumia mkaa wa sh 5,000 kuweka moto usiku kucha, unabakiwa na sh 2,200, na usingizi umeukosa.

Mbaya zaidi ni pale bakuli nane zinapobaki kila siku. Hapo huokoi tena sh 7,200 kila asubuhi. Ni mzigo ule ule unaohama kutoka jana kwenda leo. Kila usiku unalipa sh 5,000 kulinda mali ya sh 7,200. Kwa siku 25 ni sh 125,000 zilizogeuka majivu. Aliyepika bakuli 42 tangu mwanzo ameuza sawa na wewe, na fedha hiyo anayo.

Yupo atakayesema Rufiji mkaa na kuni si tatizo. Lakini mkaa unaouchoma usiku ni ule ambao ungeuuza kwa wanaopeleka Dar es Salaam. Na kuni za kuokota zina bei pia: ni saa ulizoacha shamba la mpunga au ufuta.

Wanaookoa mkaa kwa kuzima moto na kufunika sufuria hadi asubuhi wanacheza na hatari kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60 au baridi chini ya nyuzi 5. Kuchemsha tena asubuhi hakutoshi. Baadhi ya vijidudu huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemka, nazo huamka supu inapopoa taratibu. Vingine hutoa sumu ambayo moto hauiondoi. Abiria mmoja akiumwa tumbo, habari itamfikia kila dereva wa njia hiyo, na hapo mtaji umekwisha.

Afanye nini basi mfanyabiashara mdogo?

Kwanza, aandike kila siku: bakuli alizopika, alizouza na zilizobaki. Baada ya mwezi ataona siku za gulio na siku za ukame, na atapika kwa kadiri yake.

Pili, kiporo cha bahati mbaya kihifadhiwe palipo na friji. Kichemshwe, kichujwe, kigawanywe katika vyombo vidogo, vipozwe haraka ndani ya beseni la maji baridi, kisha viingie kwenye friji. Kesho kichemshwe hadi kitokote, kiuzwe chote siku hiyo. Pasipo friji, ni bora bakuli za mwisho ziuzwe kwa bei ya chini jioni, au ziliwe nyumbani.

Tatu, supu ya samaki na mchuzi wa nazi visiingizwe kabisa katika mtindo huu. Huharibika upesi.

Sufuria isiyokauka inamfaa yule ambaye moto wake unawaka usiku kwa sababu wateja wapo usiku. Asiye na wateja hao anachemsha mtaji wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na supu nayo ni mali.