Kamera Katika Jumba la Guggenheim

Kiswahili huita picha kile kilichochorwa kwa mkono na kile kilichopigwa kwa kamera. Katika mazungumzo ya kila siku jina hilo moja latosha. Lakini mtu aingiapo jumba la makumbusho ili aupige picha mchoro wa msanii, huona mara moja kuwa mambo hayo mawili hayapatani sana. Jambo hilo ni wazi hasa katika jumba la Guggenheim, mjini New York.

Jumba hilo lilibuniwa na Frank Lloyd Wright, aliyepewa kazi hiyo mwaka 1943, akafa Aprili 1959, miezi sita kabla halijafunguliwa. Badala ya vyumba vya mraba vilivyozoeleka, pana njia ya mteremko izungukayo uwazi mkubwa kama mzingo wa gamba la konokono, na juu yake kuba ya vioo. Kuta zake zimepinda, tena zimelalia nje kidogo. Wright alitaka michoro iegemee ukuta kama iegemeavyo kiunzi cha mchoraji. Wachoraji hawakuridhika: mwaka 1956 ishirini na mmoja kati yao, Willem de Kooning akiwamo, walitia sahihi barua ya kupinga. Hatimaye mkurugenzi wa wakati ule, James Johnson Sweeney, aliitundika michoro kwenye vyuma vilivyotokeza ukutani, ikasimama mbali na ukuta wenyewe.

Shida waliyoilalamikia humpata mpiga picha vilevile. Ili mchoro wa mstatili utoke mstatili, uso wa lenzi sharti uwe sambamba na uso wa mchoro. Kamera ikienda upande, ukingo ulio karibu hurefuka na wa mbali hufupika. Kwingineko sakafu humsaidia mtu kukadiria. Hapa humpoteza: mchoro uliotundikwa sawa kwa pimamaji huonekana umepinda, kwa kuwa sakafu yateremka chini yake, naye akiilinganisha kamera na sakafu, mchoro ndio utakaopinda kweli.

Atakaye kumbukumbu ya mchoro kwa ajili ya kujifunza na aisahau sakafu, afuate ukingo wa fremu peke yake. Taa ya kamera asiiwashe. Imekatazwa, na juu ya kioo au vanishi huacha doa jeupe tu. Walakini picha ya namna hiyo mara nyingi huwa duni kuliko kadi iuzwayo dukani. Iliyo bora ni ile ipigwayo kutoka ng'ambo ya uwazi: mchoro mmoja, mdogo kama stempu, katikati ya kingo mbili za saruji, na watu wakiushukia kwenye mteremko.

Simu za siku hizi zaweza kuinyosha mistari baada ya picha kupigwa. Mwenye kufanya hivyo hupata ukuta wima na sakafu tambarare, ambavyo Wright hakuvijenga.