Msuli unavyovuta, na kwa nini mkojo mweusi baada ya kazi nzito ni dharura

Hamali wa mkokoteni anayepelekea wateja mitungi 10 ya lita 20 kule Mtongwe, Mishomoroni au Chaani husukuma kilo 200 za maji, mbali na uzito wa mkokoteni wenyewe. Kazi hiyo hufanywa na misuli iliyoshikana na mifupa. Mwili una misuli hiyo zaidi ya 600, na kwa mtu mzima huwa karibu asilimia 40 ya uzito wake. Makala haya yanaeleza jinsi inavyovuta, kisha dalili moja ambayo ni rahisi kuidhania uchovu tu.

Mnofu wa ng'ombe ulioiva vizuri huchambuka nyuzinyuzi. Kila uzi unaouona ni fungu la nyuzi ndogo zaidi, nyembamba kama unywele, na kila mojawapo ni seli moja iliyo hai. Ndani ya seli hiyo mna nyuzi nyembamba mno, zilizogawanyika vipande vipande viitwavyo sakomia. Katika urefu wa milimita moja hupangika takriban sakomia 400. Mwishoni msuli huungana na mfupa kwa kano, kama ile kamba ngumu unayoigusa juu ya kisigino.

Kila sakomia ina nyuzi za aina mbili: nyembamba za aktini na nene za miosini. Mwaka 1954 jarida la Nature lilichapisha kazi za makundi mawili ya watafiti, A. F. Huxley na R. Niedergerke, na H. E. Huxley na Jean Hanson (Huxley hao wawili hawakuwa ndugu). Walionyesha kwamba nyuzi zenyewe hazifupiki, bali hupishana. Fikiria mtu anayeteka maji kisimani: mkono unashika kamba, unavuta, unaachia, unashika tena mbele. Miosini ina vichwa vidogo vinavyofanya hivyo kwenye aktini. Mamilioni ya sakomia yakivuta pamoja, msuli mzima hufupika na mfupa hufuata.

Amri hutoka kwenye ubongo, hupita uti wa mgongo na kufika msulini kwa njia ya neva. Neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huamsha umeme mdogo kwenye ngozi ya seli. Umeme huo hufungulia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani, na kalsiamu ndiyo inayoiwezesha miosini kushika aktini. Amri ikikoma, kalsiamu hurudishwa ghalani na msuli hulegea.

Jambo ambalo wengi hatulitarajii ni kwamba msuli hutumia nguvu hata kulegea. Kichwa cha miosini hakiachii mpaka kipate ATP, kemikali inayobeba nguvu ya seli, na kuirudisha kalsiamu pia kunahitaji ATP. Waosha maiti wanajua mwili hukakamaa saa chache baada ya kifo. Ni kwa sababu ATP imekwisha, na vichwa vimebaki vimeshika.

Kwa aliye hai, akiba ya ATP msulini hutosha sekunde chache tu za kazi nzito. Baada ya hapo mwili huitengeneza upya kwa sukari, mafuta na oksijeni. Isitoshe, takriban robo tatu ya nguvu inayotumika hugeuka joto. Katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu jasho halikauki upesi, kwa hiyo joto hilo hukawia kutoka.

Hapo ndipo hatari ilipo. Seli iliyochoka kupita kiasi hushindwa kuidhibiti kalsiamu, hujiharibu na kupasuka. Vilivyomo humwagika kwenye damu, ikiwemo mioglobini, protini nyekundu inayoweza kuharibu figo. Mkojo huwa wa kahawia, kama chai ya rangi au soda nyeusi. Anayeweza kupatwa zaidi ni yule aliyeanza kazi ya kubeba magunia juzi, au aliyerudi kazini baada ya kuugua, akajilazimisha kwenda sawa na wenzake kwenye jua.

Kushikwa na msuli kwa kawaida hupita ukiunyoosha na kupumzika. Lakini ukiona mkojo wa rangi hiyo, au misuli imevimba, inauma mno na haina nguvu, acha kazi na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usimeze ibuprofen wala diclofenac kutuliza maumivu hayo, kwani huongezea figo mzigo. Mweleze daktari kazi uliyofanya. Mkojo na damu vitapimwa, na huenda ukawekewa maji ya mshipa. Figo zikiwahiwa mapema mara nyingi hupona.

Wakaazi wa Likoni wanaweza kwenda Hospitali ya Likoni, na wa Changamwe Hospitali ya Port Reitz. Walio Kisauni waanzie kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kitawaelekeza Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani ikihitajika.