Pikapu ndogo za Kijapani zilitangulia shida ya mafuta

Wengi husema pikapu ndogo za Kijapani zilipendwa Marekani kwa sababu mafuta yalipanda bei mwishoni mwa 1973. Tarehe zinakataa. Datsun zilikuwa barabarani zamani, Hilux ikazaliwa 1968, na mwaka 1972 Ford ikauza Courier iliyoundwa na Mazda, Chevrolet ikauza LUV ya Isuzu. Vigogo hao wasingeazima gari la wenzao kama wateja hawakuwapo tayari. Mafuta yaliongeza kasi tu.

Labda ni urahisi wa bei? Ulisaidia, tena sana: ushuru wa Marekani wa asilimia 25 kwa pikapu za kigeni, wa tangu 1964, ulikwepwa kwa kuleta kebini na chesisi, bodi ikafungwa hukohuko. Mwanya huo ulizibwa 1980, lakini wanunuzi hawakutoweka. Mwaka 1983 Nissan ilianza kuunda pikapu zake Tennessee.