Kambare Haugui Bure

Mji wa Kale wa Mombasa ni mji wa samaki wa bahari. Karibu na Bandari ya Kale mnunuzi huulizia changu, tafi au nguru. Jamaa wa kambare anayemjua ni hongwe wa maji chumvi, mwenye miiba ya kuogopwa. Kambare wa bwawani ni mgeni wa kutoka bara. Hata hivyo, ng'ambo tu, Mkomani, ndiko yaliko makao makuu ya KMFRI, taasisi ya serikali inayotafiti mambo ya bahari na uvuvi, na mabwawa ya bara nayo yamo katika kazi yake.

Mabwawa hayo yaliongezeka kuanzia mwaka 2009, serikali ilipopanga kuchimba 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Perege alitangulia, kambare akafuata. Kambare ana sifa moja kubwa: huvuta hewa ya juu, hivyo maji yakikosa oksijeni perege hufa, yeye akabaki.

Sifa hiyo ndiyo inayomponza. Mfugaji akiona hafi, humrundika. Chakula kilichobaki huoza pamoja na kinyesi, amonia ikapanda, na hapo ndipo Aeromonas hydrophila hupata mwanya. Bakteria huyu hakuletwa na jirani mwenye kijicho; yumo majini siku zote. Kambare hana magamba, kinga yake ya kwanza ni ule ute unaoteleza mkononi. Wavu mkavu ukiukwangua, ngozi hubaki wazi: madoa mekundu, kisha vidonda, mapezi yakaliwa, tumbo likajaa maji.

Wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya kuua bakteria na kuichanganya na chakula kwa kukisia. Mimi naiona hasara mara mbili, kwa sababu samaki mgonjwa hali, na bakteria anayebaki hujifunza usugu. Heri kupunguza samaki, kusimamisha chakula na kubadilisha maji kwanza. Ugonjwa huu si wa kupuuzwa: huko Alabama, Marekani, aina kali ya bakteria huyuhuyu iliyozuka mwaka 2009 iliua kambare wa mashamba kwa wingi mno.

Mlaji hana haja ya hofu, moto wa jikoni humuua bakteria huyu. Wa kujihadhari ni anayempasua samaki. Mwiba wa kambare ukimchoma, kidonda kikavimba, amwambie daktari kuwa ni mwiba wa samaki wa maji baridi, maana amoksilini ya kawaida haimwezi Aeromonas.